Nani Anaamua Mgeni Aione Nyumba Yako?

Mhadhara kwa wenyeji wa nyumba za muda mfupi, Diani

Asalam aleikum. Bwana asifiwe. Ndugu zangu wenye nyumba mliotoka Nyali, Bamburi, Kilifi na hapa Diani, na nyinyi vijana mnaosimamia nyumba za watu walio ng'ambo, asanteni kwa kufika. Najua saa nne asubuhi ndiyo saa ya wageni kutoka, na wengi wenu mmemwachia mtu mwingine kazi ya kupokea funguo ili muwe hapa.

Waandalizi waliniletea swali moja ambalo wameulizwa na karibu kila mwenyeji: "Sijabadilisha kitu. Nyumba ni ile ile, picha ni zile zile, nyota hazijashuka. Mbona bukingi zimekatika?" Jibu langu ni kwamba wewe hukubadilika, lakini kinachoamua mgeni aone nini, yaani mashine inayopanga matokeo kwenye mitandao ya kukodisha nyumba, kimebadilika, tena zaidi ya mara moja. Kila kinapobadilika, wageni huhama kutoka kwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna anayekupigia simu kukuambia. Nyuma ya hizo bukingi kuna mama aliyejenga nyumba moja kwa mkopo wa sacco, kuna dada wa usafi anayelipwa kwa kila mgeni anayetoka, kuna kijana wa bodaboda anayewaleta wageni kutoka Likoni. Kwa hiyo suala hili nalichukulia kwa uzito.

Nitatumia Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, kama mfano mkuu. Wengi wetu tuko huko, na pia mainjinia wake wamechapisha makala za kitaalamu kueleza jinsi upangaji wao, yaani nyumba ipi itangulie na ipi ifuate kwenye matokeo ya utafutaji, unavyofanya kazi. Makala hizo ziko wazi kwa yeyote, ila ni wenyeji wachache waliowahi kuambiwa kwamba zipo.

Kampuni ilianza San Francisco mwaka 2008. Miaka ya mwanzo, nyumba zilipangwa kwa fomula iliyoandikwa na watu: kipengele hiki kipewe alama hizi, kile kipewe zile. Mwaka 2018 Malay Haldar na wenzake, mainjinia wa Airbnb, walieleza kwenye makala walivyoiacha fomula hiyo, wakapitia mbinu nyingine za mashine kujifunza kutokana na data, hadi wakafika kwenye mitandao ya neva, aina mojawapo ya kile tunachoita leo akili mnemba. Shabaha ya mashine hiyo ni moja: kukisia uwezekano wa mgeni huyu, kwa tarehe hizi, kuilipia nyumba hii. Haiulizi nyumba ipi ni nzuri zaidi. Inauliza ipi italipiwa.

Ndani ya makala hiyo mna jambo moja ambalo ningependa mwondoke nalo leo. Walijaribu kuifundisha mashine iijue kila nyumba kwa namba yake, kama mitandao ya video inavyojifunza video moja moja kutokana na mamilioni ya watazamaji. Ikashindikana, na sababu ni rahisi: hata nyumba inayopendwa kuliko zote duniani haiwezi kukodishwa zaidi ya mara 365 kwa mwaka. Data haitoshi. Mashine inaijua nyumba yako kwa sifa zake tu: bei, mahali ilipo, idadi ya wageni, tathmini, siku zilizo wazi kwenye kalenda, jinsi watu walivyoibofya. Kwa hiyo ukisema "wao wananijua, nimekuwa nao miaka mingi," hesabu hiyo haimo. Nyumba mpya iliyofunguliwa juzi pale Galu nayo haianzi na sifuri. Mwaka 2020 timu hiyo hiyo iliandika kwamba tangazo jipya hukadiriwa litakavyopokewa na wageni hata kabla halijapata mgeni wa kwanza, na makadirio ya aina hiyo huweza kujengwa juu ya nyumba jirani zinazochukua idadi sawa ya watu. Ina maana kwamba kazi yako nzuri inaweza kumsaidia jirani aliyefungua jana.

Makala nyingine ya 2018, ya Mihajlo Grbovic na mwenzake Haibin Cheng, inaonyesha kwamba mashine ilifundishwa pia kutokana na maombi ambayo wenyeji waliyakataa. Lengo lilikuwa kumpunguzia mgeni hatari ya kukataliwa. Wapo kati yetu wanaokataa maombi kwa sababu mgeni hana tathmini, au ni kijana wa hapa hapa, au ameomba usiku mmoja. Sababu unaijua wewe. Mashine inabaki na kumbukumbu ya kukataa tu.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa nitakaa sana, maana ndipo nimeona watu wa pwani wakiumia bila kujua kilichowapata.

Zamani kadi ya nyumba kwenye matokeo, kile kisanduku chenye picha na bei, ilionyesha bei ya usiku mmoja. Ada ya usafi ilijitokeza mwishoni, mgeni akiwa tayari ameshika kadi ya benki. Wageni wakalalamika kwa miaka. Novemba 2022 Brian Chesky, mkuu wa kampuni, alitangaza kwamba mgeni ataweza kuona bei ya jumla, na kwamba upangaji utaipa uzito bei ya jumla badala ya bei ya usiku. Aprili 2025 bei ya jumla, pamoja na ada zote kabla ya kodi, ikawa ndiyo inayoonekana moja kwa moja kwa wageni wote duniani.

Chukueni majirani wawili. Wa kwanza anatoza shilingi 6,000 kwa usiku na ada ya usafi 3,000. Wa pili anatoza 7,500 na hana ada ya usafi. Tuweke kando ada ya kampuni. Zamani kadi zilisomeka 6,000 na 7,500, na macho ya mgeni yalikwenda kwa wa kwanza kila mara. Sasa mgeni wa usiku mmoja anaona 9,000 kwa 7,500, na wa kwanza ameshapitwa. Mgeni wa siku mbili, yule anayeshuka na treni kutoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili, anaona 15,000 kwa 15,000, wako sawa. Mgeni wa wiki nzima anaona 45,000 kwa 52,500, na hapo wa kwanza anashinda vizuri. Nyumba ni zile zile na pesa ni zile zile. Aliyekuwa akiishi kwa wageni wa wikendi alipoteza nafasi yake bila kugusa chochote, na pengine hadi leo anadhani tatizo ni picha.

Mimi naunga mkono bei ya jumla. Mgeni ana haki ya kujua atalipa ngapi. Lakini mabadiliko ya haki kwa mgeni yanaweza kumwangusha mwenyeji ambaye hakuelezwa, na sioni ugumu wowote wa kumweleza. Jioni ya leo kaa na daftari, piga hesabu ya nyumba yako kwa usiku mmoja, miwili, na saba, kisha itafute kama mgeni na uone jirani anasomeka vipi. Kama wageni wako ni wa wikendi, ingiza sehemu ya gharama ya usafi ndani ya bei ya usiku. Kama ni familia za Krismasi, ada ya usafi haikudhuru.

Kuna na badiliko la ada ya kampuni la Oktoba 2025, linalowahusu wenyeji waliounganisha matangazo yao na programu za kusimamia nyumba. Awali mwenyeji alikatwa asilimia 3 na mgeni akaongezewa kama asilimia 14. Sasa mwenyeji huyo anakatwa asilimia 15.5 yote peke yake. Kwa bei ya 10,000, ulikuwa ukipata 9,700 na mgeni akilipa kama 11,400. Ukiiacha bei pale pale, mgeni analipa 10,000 nawe unapata 8,450. Ili urudi kwenye 9,700 yako, bei iwe karibu 11,480, ambayo kwa mgeni haina tofauti kubwa na alicholipa zamani. Asiyejua hili anaweza kuona bukingi zikiongezeka, akafurahi, kumbe kila usiku anaacha shilingi 1,250 mezani. Vijana mnaosimamia nyumba za wengine, hili lipelekeni kwa wenye mali wiki hii.

Juu ya beji nitapita haraka. Wengi mnajivunia kuwa Wenyeji Bingwa, na mna haki: wastani wa nyota 4.8, kujibu asilimia 90 ya ujumbe ndani ya saa 24, kutofuta bukingi. Lakini Novemba 2023 ilikuja beji ya kipendwa cha wageni, iliyoanza na nyumba kama milioni 2. Ubingwa ni wa mtu. Kipendwa ni cha nyumba. Mwenye nyumba nane hawezi tena kuifunika ile moja mbovu kwa jina lake. Beji hii hutazama pia kama tangazo linasema kweli. Hapa Diani visima vingi vina maji ya chumvi. Andika kwenye tangazo: maji ya kuoga yana chumvi kidogo, ya kunywa tunaweka kwenye chupa. Mgeni aliyeambiwa mapema hakupunguzii nyota. Aliyegundua mdomoni wakati wa kupiga mswaki atakupunguzia, na ana sababu.

Ramani je? Makala ya mainjinia hao ya 2024 inaeleza kwamba kwa muda mrefu orodha na ramani zilitumia upangaji mmoja, ilhali mtu hasomi ramani toka juu kwenda chini. Orodha ina wa kwanza na wa mwisho. Kwenye ramani jicho linaruka kokote. Ndiyo maana sasa nyumba zinazokisiwa kulipiwa zaidi hupewa alama yenye bei, na nyingine hubaki na alama ndogo isiyo na bei. Kwetu sisi kuna tatizo la nyongeza: viwanja vingi havina namba za barabara, kwa hiyo alama huwekwa kwa kukadiria. Nimeona nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini ikiwa na alama yake kule barabara kuu ya Ukunda. Mgeni anayevuta ramani karibu na ufuo hataiona kamwe, hata ikiwa na nyota tano. Fungua tangazo lako, kuza ramani, hakikisha alama iko juu ya paa lako.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Dalali wa zamani wa Ukunda alipoacha kukuletea wageni, ulimjua kwao, ukaenda ukamuuliza. Dalali wa sasa, yaani hiyo mashine, hana kwao pa kwenda. Lakini Ulaya walilitazama jambo hili wakalitungia sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1150, inayotumika tangu tarehe 12 Julai 2020, inazitaka kampuni za mtandaoni ziweke wazi vigezo vikuu vya upangaji na sababu za uzito wake, ziwape wafanyabiashara notisi ya siku zisizopungua 15 kabla ya kubadilisha masharti, na kampuni kubwa ziwe na utaratibu wa ndani wa kupokea malalamiko. Kampuni ikilipwa ili mtu apande juu, lazima iseme. Hilo linagusa hata Booking.com, mtandao mwingine wa kukodisha malazi, wenye mpango wa washirika wanaolipa kamisheni ya juu zaidi ili waonekane zaidi.

Sheria hiyo inamlinda mwenyeji wa Lisbon. Mwenyeji wa Diani, anayekatwa asilimia ile ile na kampuni ile ile, haimgusi. Hapa Kenya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii inatutaka tuwe na leseni, na mimi nasema tuchukue leseni. Lakini serikali inayojua namna ya kutuandikisha inaweza pia kutudai haki yetu kwa hao wanaotuweka juu au chini. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Tuipeleke hoja hii tukiwa pamoja, wa Mombasa, wa Zanzibar na wa Entebbe, tena tukiwa na kumbukumbu za maandishi: tarehe gani nyumba yako ilikuwa ya ngapi, kwa utafutaji upi, na nini kilibadilika. Anza kuandika sasa, mara moja kwa wiki, kwa simu ambayo hujaingia kwa akaunti yako.

Nina karatasi hapa imepitishwa kutoka nyuma. Mama ameuliza: "Nishushe bei?"

Mama, usianze na bei. Kabla mashine haijapanga, kwanza inachuja. Kama umeweka usiku usiopungua tatu, mgeni wa Ijumaa hadi Jumapili hakuoni kabisa, hata ungetoza shilingi mia. Kama umeandika wageni wanne, familia ya baba, mama na watoto watatu wa shule haikuoni, ingawa una kitanda cha tano chumba cha nyuma. Mtoto wa chini ya miaka miwili tu ndiye asiyehesabiwa. Kama kalenda yako inafunguka miezi mitatu tu mbele, anayepanga Desemba akiwa Agosti hakuoni. Shika simu, weka tarehe ambazo wageni wako huja, weka idadi yao, utafute. Usipojiona, rekebisha hivyo vitatu kwanza. Ukijiona na bado hawabofyi, tukae wote wawili baada ya chai tuitazame picha yako ya kwanza na bei yako ya jumla.