Ukiipoza zaidi, inazidi kushikana

Jameni, hii kitu nimeisema hapa Kisumu mara nyingi, lakini bado nasikia mtu anafundisha watoto eti heliamu, ile gesi ya baluni, ikishakuwa kimiminika na kupoa vya kutosha haina msuguano, kwisha. Hiyo ni nusu ya maneno. Heliamu-4, ile ya kawaida, peke yake, sawa, chini ya kelvini 2.17 (kelvini ni digrii zinazohesabiwa kutoka baridi ya mwisho kabisa) inapita kwa vitundu vidogo sana bila kukwama, wanafizikia Kapitza kule Moscow na Allen na Misener kule Cambridge walichapisha hiyo 1938. Sasa tia heliamu-3, ile aina nyepesi, ndani. Atomu kama 6 au 7 kwa kila 100 zinakubali kukaa humo hata ushuke karibu na sifuri kabisa, na hizo chache ndizo zinabeba msuguano.

Na msuguano haupungui, unapanda! Kwenye sehemu chache za elfu za kelvini, ukipunguza joto nusu, mnato (huo msuguano wa ndani) wa hiyo heliamu-3 unaenda mara nne. Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, mwalimu, si hata mafuta ya kupika hushikana asubuhi kule Molo? Hapana! Mafuta hushikana kwa sababu chembe zinabanana. Hapa ni kinyume. Chukua matatu ya watu 14, imejaa, kila atomu ya heliamu-3 na kiti chake, yaani hali yake ya nishati, sheria ya mwanafizikia Pauli haikubali wawili kiti kimoja. Sasa mbili zikigongana lazima zihamie viti vingine, na viti viko wapi? Wa mlangoni tu ndio wanaweza kusogea, na baridi ikizidi hata hao wanapungua. Kwa hivyo atomu inasafiri mbali kabla igonge mwenzake, inabeba mwendo wa katikati ya bomba inaenda kuumwaga ukutani, na huo ndio mnato wenyewe. Kugongana kidogo, mnato mwingi. (Hadi safari yake ipite upana wa bomba, hapo hesabu inabadilika.)

 Na mnaouliza inatusaidia na nini: friji zinazopoza kompyuta za kwantamu zinatumia huu mchanganyiko, wazo la mwanafizikia Heinz London la 1951, heliamu-3 ikivuka kuingia kwa heliamu-4 inafyonza joto. Sasa ukiipitisha hiyo heliamu-3 kwa bomba jembamba, msuguano wake unarudisha joto lilelile unatoa, ndio maana kule chini kwenye baridi kali bomba hutengenezwa pana.