Rangi Nzuri Si Ushahidi: Kuiga kwa Kompyuta Safari ya Tone la Damu

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu wa maabara za hospitali mliokubali mwaliko, asanteni kwa kuja.

Nitazungumzia kifaa kimoja tu. Ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mifereji ya upana wa mikromita 100 hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Tone la damu kutoka kidoleni linaingia upande mmoja. Humo ndani plazima, yaani majimaji ya damu, inatengana na chembe nyekundu, inakutana na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, na upande wa pili mhudumu wa zahanati anasoma jibu, bila mashine ya kuzungusha damu. Utafiti wangu wa uzamivu ni kukiiga kifaa cha namna hii ndani ya kompyuta kabla hakijatengenezwa. Na neno langu kwenu leo ni hili: picha ya rangi inayotoka kwenye kompyuta haifai kuaminiwa mpaka aliyeitoa athibitishe kuwa hesabu yake haikuzua jambo ambalo maji hayalifanyi.

Tuanze na maji hayo. Mwaka 1883, Osborne Reynolds, akiwa Manchester, alipitisha uzi mwembamba wa rangi katika maji yaliyokuwa yakipita kwenye bomba la kioo. Maji yakienda polepole, uzi ulinyooka. Mwendo ulipozidi, uzi ulivurugika na rangi ikajaa bomba. Namba tunayoiita kwa jina lake hupatikana kwa kuzidisha densiti, mwendo na upana, kisha kugawanya kwa mnato. Katika bomba la sentimita 2, maji yakienda nusu mita kwa sekunde, namba hiyo ni 10,000, nayo maana yake ni vurugu tupu. Katika mfereji wetu, kwa mwendo wa milimita moja kwa sekunde, ni 0.1. Hapo mnato ndio unaotawala, na maji haya tunayokunywa yanatembea kama asali.

Kwa mwanahisabati hiyo ni nafuu, maana kile kipengele kigumu kuliko vyote katika milinganyo ya Navier na Stokes, ile inayoeleza mwendo wa vimiminika, kinakuwa kidogo sana. Kwa mtengeneza kifaa ni taabu. Vimiminika viwili vikiingia bega kwa bega, vinasafiri bega kwa bega, na kuchanganyika kunabaki kuwa kazi ya molekuli zinazotangatanga zenyewe. Molekuli ndogo ya rangi inahitaji kama sekunde 10 kuvuka mikromita 100. Kingamwili, ambayo ni kubwa zaidi, inahitaji kama dakika mbili, na kwa mwendo ule niliotaja itakuwa imeshasafiri zaidi ya sentimita 12. Kifaa chetu hakina urefu huo. Ongeza upana mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Ndiyo sababu mwaka 2002 Abraham Stroock, George Whitesides na wenzao walichonga vijifereji vya mshazari kwenye sakafu ya mfereji, ili maji yalazimike kujikunja na kujizungusha hata bila vurugu. Kwangu mimi huo ni mmoja wa ubunifu mzuri kuliko yote katika fani hii.

Sasa nifike kwenye kiini. Kompyuta haiwezi kuhesabu kila nukta ya mfereji. Tunaukata mfereji kuwa vyumba vidogo, na kila chumba kinapewa thamani moja ya mwendo, moja ya kanieneo na moja ya ukolezi, yaani kiasi cha rangi kilichomo. Njia rahisi kabisa ya kuhamisha ukolezi kutoka chumba hadi chumba ina tabia ya kupaka: kila hatua inasambaza rangi kidogo zaidi ya inavyostahili, hasa pale mkondo unapokata vyumba mshazari. Usambaaji huo wa bandia unaweza kukadiriwa: zidisha mwendo kwa upana wa chumba, gawanya kwa mbili. Kwa milimita moja kwa sekunde na vyumba vya mikromita 5, unaweza kuwa mara tano ya usambaaji halisi wa ile molekuli ndogo, na zaidi ya mara 60 ya ule wa kingamwili! Mtafiti ataona kwenye kioo vimiminika vimechanganyika vizuri, atafurahi, ataagiza kifaa, na kifaa hakitachanganya chochote. Nimelikazia jambo hili kwa sababu baada yake kuna mgonjwa anayesubiri jibu la kipimo.

Dawa yake inajulikana, ila ni ya gharama. Tumia njia bora ya hesabu, kisha punguza upana wa vyumba kwa nusu na uangalie kama jibu linabadilika. Katika vipimo vitatu, kila ukipunguza kwa nusu idadi ya vyumba inakua mara nane. Rudia mpaka jibu litulie.

Damu ina mambo yake. Karibu asilimia 45 ya ujazo wake ni chembe nyekundu, zenye kipenyo cha mikromita 8 hivi na laini kiasi cha kujikunja. Robin Fåhræus na Torsten Lindqvist walionyesha mwaka 1931 kwamba katika mirija myembamba kuliko milimita 0.3, mnato wa damu unaonekana kushuka. Chembe zinakimbilia katikati na kuacha plazima ukutani. Utengano wa plazima katika kifaa chetu unategemea tabia hiyo, kwa hiyo anayeiiga damu kama kimiminika cha namna moja ameshaifuta kabla hajaanza. Malaria na selimundu zinazidisha ugumu, maana chembe zilizoathirika hukakamaa. Lazima tuige ngozi ya kila chembe.

Na kiwanda nacho kina lake. Mfereji mpana uliopangwa uwe na kimo cha mikromita 20 ukitoka na 18, ukinzani dhidi ya mkondo unapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Naiga vimo vyote viwili.

Mmeniuliza mlangoni, vijana wa mwaka wa pili, muanzie wapi. Programu ya OpenFOAM, ya kuiga mwendo wa vimiminika, iko huru tangu 2004, na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Iagizeni tu ihifadhi hesabu mara kwa mara, umeme usije ukawarudisha mwanzo. Anzeni na maji katika mfereji mnyoofu kati ya kuta mbili sambamba. Jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi: mwendo wa katikati ni mara moja na nusu ya wastani. Punguzeni upana wa vyumba kwa nusu. Kwa njia ya daraja la pili, yaani ile ambayo kosa lake hufuata mraba wa upana wa chumba, kosa linapaswa kushuka mara nne. Lisiposhuka, tafuteni sababu kabla ya kugusa damu, kwa sababu kwa damu hakuna jibu la kalamu na karatasi la kuwasahihisha.