Zimwi Lisilo na Sura: Ubao, Simu na Watu Wawili Wenye Pumzi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunatengeneza zimwi lisilo na sura, lisilo na meno wala gharama ya vipodozi, na bado mtu ataliogopa. Mbinu si yangu. Ni ya vijana wa Michigan, Marekani, waliokwenda kwenye kibanda chakavu msituni karibu na Morristown, Tennessee, mwishoni mwa 1979, wakaanza kurekodi filamu ya kutisha, The Evil Dead. Mwongozaji, Sam Raimi, alikuwa na miaka 20. Pesa walizipata kwa kubisha milango ya watu wa mji wao, wakiwemo madaktari wa meno, mkononi wakiwa na filamu fupi ya majaribio iliyogharimu kama dola 1,600. Vifaa vya kisasa vya kutuliza kamera vilikuwepo wakati huo, ila si kwa mfuko wao. Wakatumia ubao, kamera ikawa macho ya zimwi, ndiyo maana zimwi lenyewe halionekani.

Basi tuanze na huo ubao. Ukifika kwa muuza mbao omba mbili kwa nne, urefu wa mtu mzima kulala, na uukague kwa jicho moja kama umenyooka. Simu inakaa katikati kabisa. Ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu au minne, lakini angalia hapa ninapoonyesha kwa kidole: mpira usipite juu ya vitufe vya pembeni, simu itajizima mkiwa mbioni. Mtu mmoja anashika ncha ya kulia, mwingine ya kushoto, ubao umekingama, lenzi inatazama mnakokwenda.

Kwa nini usikimbie tu na simu mkononi? Mwenzako wa kulia akikanyaga shimo, ncha yake inashuka. Katikati, ilipo simu, inashuka nusu tu. Ubao unameza mtikisiko, na unaobaki ndio unaotaka, maana zimwi lisilotikisika kabisa linafanana na droni ya harusi.

Kwenye simu, chagua lenzi pana. Inapunguza mtikisiko machoni, halafu miti ya pembeni inapita kwa kasi kuliko mnavyokimbia kweli. Funga mwanga na fokasi visijibadilishe vyenyewe. Hayo tu.

Sasa mbio, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Shusheni ubao hadi usawa wa magoti. Mtu mzima hatazami dunia kutoka pale, kwa hiyo mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa kabla hajajua ni nini. Pitieni karibu na vigogo, majani yapige lenzi. Mkikuta gogo limelala njiani, inueni ubao lipite chini bila kupunguza mwendo. Hapo ndipo zimwi linapata akili. Ila kwanza tembeeni njia yote mchana, ondoeni chupa na nyaya. Nawaomba sana, msiruke hatua hii.

Mwigizaji wako usimwambie aangalie nyuma kila mara. Acha ashtuke mara moja tu, mwishoni, lenzi ikiwa imemfikia usoni.

Ndani ya nyumba hamwezi kukimbia, lakini vijana wale walikuwa na dawa nyingine: ubao ulalao, wenye utepe juu, umepakwa Vaseline, na kamera ikateleza juu yake kama reli. Fanyeni hivyo hivyo. Funikeni ubao kwa selotepu pana, pakeni mafuta kidogo, simu ikae kwenye kipande cha mbao chenye umbo la U. Sukuma polepole kuelekea mlango uliofungwa.

Sauti usiichukue mtandaoni. Ingiza mdomo kwenye ndoo tupu, guna kwa pumzi ndefu, rekodi, kisha punguza kasi hadi nusu. Pandisha safu mbili za sauti hiyo juu ya sauti ya upepo. Sikiliza... eeh, hiyo.

Damu: wao walitumia sirapu ya mahindi na rangi ya chakula. Wewe chemsha sukari na maji hadi yawe mazito, tia rangi nyekundu, kisha kijiko cha kahawa ya unga ili isiwe nyekundu ya juisi. Ikipitisha mwanga mno, ongeza maziwa ya unga kidogo.

Na panga ratiba kwa akili. Kazi yao ilirefuka, waigizaji wengi wakaondoka, ikabidi watu wengine wasimame badala yao, migongo na mikono tu ikionekana. Wakawaita watu hao Fake Shemp. Kwa hiyo rekodi nyuso zote kwanza. Migongo hata jirani atakupa.

Mkimaliza, nguo zenye damu zilowekeni papo hapo kwenye maji ya uvuguvugu. Bruce Campbell, mwigizaji mkuu, amesimulia kwamba shati lake lilikaushwa motoni, sukari ikaganda, na alipotaka kulivaa likavunjika. Kwenu kuna tatizo la ziada: sisimizi. Ubao pia ufuteni, mpaka chini ya ule mpira wa tyubu.