Maji ya Uwanjani Unayapeleka Wapi?

(Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi ujenzi, Tanga)

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni. Mafundi mlioacha kazi zenu kuja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Kila masika, Machi hadi Mei, lawama ni ileile. Mvua imekatika tangu jana, uwanja bado umetota, plasta ya chini inabanduka na ukuta unatoa chumvi mpaka usawa wa goti. Fundi anaitwa, anapiga plasta mpya na rangi juu. Vuli ikiingia, inaanguka tena. Jamani, plasta mnaionea bure. Udongo ulioshika msingi umeshiba maji, na tofali linayanyonya kwenda juu.

Dawa mojawapo ni mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu ndani yake. Henry French, mwanasheria wa Marekani, aliandika kwa kirefu habari za mitaro ya namna hii mwaka 1859, akiwaza mashamba yanayotuama maji. Kanuni ni ileile hadi leo. Maji hufuata njia nyepesi. Kokoto zina nafasi kubwa kuliko udongo, basi yanaingia humo, yanakuta bomba, yanakwenda zake.

Yanakwenda wapi? Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mtu anazungusha mtaro nyumba nzima, kokoto safi, bomba jipya, halafu bomba linaishia kwenye udongo uleule uliolowa. Tupige hesabu kidogo. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000. Mtaro wa mita 20, upana sentimita 30 na kina nusu mita, una ujazo wa lita 3,000, lakini kokoto zenyewe zinakula zaidi ya nusu. Nafasi ya maji inabaki kama lita 1,200. Hata robo ya maji ya paa haienei! Kwa hiyo maji ya bati yasiingizwe humo kabisa. Funga gata, uyape bomba lake lisilo na matundu. Kuna nyumba ambazo hilo peke yake linatosha, na mwenye nyumba ataokoa pesa ya kokoto.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zunguka kiwanja utafute pa chini kabisa. Huko ndiko kazi inakoanzia. Aliyejenga juu ya matumbawe mara nyingi hana haja ya mtaro, maji yanajizamia yenyewe kwenye mianya ya mwamba. Mwenye udongo wa mfinyanzi ndiye anayeteseka. Aliye karibu na bahari au mkondo asipime wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, akafurahi. Awaulize wavuvi bamvua, yaani maji makuu ya bahari, yanafika wapi, kisha mdomo wa bomba aukalishe juu ya alama hiyo. Akiuweka chini yake, bahari itapanda bombani kuja kumtembelea.

Na kama hakuna pa chini? Masika ikiwa imekolea, chimba shimo la mita moja. Maji yakisimama nusu mita tu kutoka juu, shimo la kunywesha maji ardhini halitakusaidia, maana limejaa kabla hujalitumia. Kiwanja cha hivyo nasema wazi: weka pesa yako kwenye kifusi, inua uwanja, uupe mwinuko wa kutoka ukutani kwenda nje. Na tafadhali, usimfungulie jirani maji yako. Ukitaka kutoa kwenye mtaro wa barabara, anzia serikali ya mtaa.

Tuje kwenye kuchimba. Mteremko ni sentimita moja kwa kila mita, yaani mita 20 zishuke sentimita 20. Kwa macho utadanganyika. Tumieni ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: ujazeni taratibu, upepo wote utoke, kwani kiputo kimoja tu kinapotosha kipimo. Mmoja ashike huku, mwenzake kule, wasubiri maji yatulie kabisa ndipo waweke alama. Halafu pimeni tena kwenye sakafu ya mtaro kabla bomba halijalala. Mtaro ukae kama mita moja au zaidi kutoka ukutani, na usichimbe kupita kitako cha msingi, usije ukauondolea msingi wako mahali pa kushika.

Tandaza kitambaa cha kuchujia, mwaga kokoto ngumu zilizooshwa, laza bomba la inchi 4, matundu yatazame chini. Najua mafundi mnabishana hapo. Maji ya ardhini yanapanda kutoka chini. Matundu yakiwa juu, yatasubiri mpaka yafike mgongoni mwa bomba ndipo yaingie, na udongo wote huo utabaki umelowa. Jazia kokoto, kunja kitambaa juu yake kama sambusa, ndipo urudishe udongo.

Naam, mama pale nyuma anauliza kama viroba vya mchele vinafaa badala ya kitambaa. Mama yangu, vimefumwa kubeba mchele, havikutengenezwa kuchuja. Na nailoni ndiyo mbaya zaidi, inayazuia maji kabisa. Ukienda dukani omba kipande, kimiminie maji ya kikombe. Yakituama juu, rudisha.

Na karo? Maji ya karo na ya jikoni yasiunganishwe humu hata siku moja. Mdomo wa bomba uwe mbali na kisima, uwe na wavu wa kuzuia panya. Kwenye kila kona acha bomba la kusimama lenye kifuniko, ili mizizi ya mwembe ikiingia upate pa kupitisha fimbo na maji ya kusafishia. Fungua vifuniko hivyo Februari, usingoje mvua ya kwanza.

Vipande vya kitambaa na bomba la mfano viko hapa mezani. Mwenye mpira wa kupimia levo autoe, tutoke nje tukaupime uwanja huu, maana nimeona dimbwi pale mlangoni.