Helikopta Nyepesi na Hesabu ya Kila Kilo

Mabibi na mabwana,

Tarehe 3 Julai 1956, mpanda milima aliyekuwa amezidiwa na ugonjwa wa moyo, juu ya mita 4,000 katika milima ya Alps, alichukuliwa na helikopta ndogo ya Kifaransa iitwayo Alouette II na kuteremshwa salama. Kabla ya siku hiyo, mgonjwa wa mahali kama pale kwa kawaida hakuwa na njia nyingine isipokuwa kubebwa na wenzake juu ya theluji na barafu, kwa saa nyingi, huku kila hatua ikiwahatarisha wabebaji pamoja naye. Nimeanza na mgonjwa huyu kwa sababu hoja niliyokuja nayo leo ni moja: helikopta nyepesi ya kazi ilizaliwa pale injini ilipokuwa nyepesi, na mlima ndio uliokuwa mtihani wake wa kweli.

Kwa nini mlima? Kadiri tunavyopanda, hewa huzidi kuwa nyembamba, na wembamba huo huidhuru helikopta mara mbili. Mapangaboi hupata hewa kidogo ya kusukuma chini, na injini nayo hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, hivyo nguvu inapungua wakati uleule inapohitajika zaidi. Isitoshe, kuelea mahali pamoja bila kusogea, jambo ambalo mwokoaji hana budi kulifanya, hula nguvu nyingi kuliko kwenda mbele kwa mwendo wa wastani. Chombo kinachoruka bila shida juu ya tambarare kinaweza kushindwa kabisa kunyanyuka kileleni kikiwa na abiria walewale na mafuta yaleyale.

Kampuni ya Sud-Est ya Ufaransa, iliyounda Alouette II, iliijua shida hii vizuri. Helikopta yake ya mwaka 1951, SE 3120, ilitumia injini ya pistoni ya nguvu za farasi 200, na injini za namna hiyo ni nzito kwa nguvu zinazozitoa. Jibu lilitoka kwa Joseph Szydlowski, mwanzilishi wa kampuni ya Turbomeca, ambaye alikuwa akitengeneza injini ndogo za turbini. Ndani ya injini ya turbini hewa hushindiliwa, huchanganywa na mafuta na kuwaka mfululizo, na gesi ya moto inayotoka huzungusha magurudumu yenye visu vidogo vingi. Hakuna pistoni zinazopanda na kushuka, na uzito unaookolewa ni mkubwa. Charles Marchetti na wahandisi wenzake waliichukua injini ya Artouste II, wakajenga kuizunguka helikopta ya Alouette II, nayo ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955, rubani akiwa Jean Boulet. Ikawa helikopta ya kwanza ya turbini duniani kutengenezwa kwa wingi.

Kuna uamuzi mmoja wa wahandisi hao ninaouona kuwa wa busara kuliko yote. Artouste II iliweza kutoa nguvu za farasi zipatazo 530, lakini katika Alouette II iliwekewa kikomo cha 360. Mtu asiyeijua kazi hii angedhani ni kupoteza mali. Kumbe ile ziada ilikuwa akiba: hewa ilipopungua huko juu, injini ilikuwa bado na mahali pa kuchota, na rubani aliendelea kupata nguvu karibu zilezile alizokuwa nazo bondeni. Tarehe 6 Juni 1955, chini ya miezi mitatu baada ya kuruka kwa mara ya kwanza, Boulet aliifikisha mita 8,209, rekodi ya dunia kwa wakati ule.

Tuitazame kwa karibu. Mbele kuna kibanda cha plastiki angavu, cha mviringo kama povu, ambamo rubani huona hata ardhi iliyo chini ya nyayo zake. Nyuma yake injini imelazwa juu ya mgongo wa chombo, wazi, bila kifuniko. Mkia ni kiunzi cha mabomba ya chuma tu, na jicho hupenya hadi upande wa pili. Kila kisichohitajika kimeachwa. Majeruhi walilazwa kwenye machela zilizofungwa nje, moja kila ubavu, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi yao. Na ndani, badiliko kubwa lilikuwa katika mkono wa kushoto wa rubani. Katika helikopta za pistoni, kila alipoinua wenzo ili mapangaboi yashike hewa zaidi, ilimbidi papo hapo azungushe kishikio chake ili kuongeza mafuta, la sivyo mapangaboi yangepunguza mzunguko. Katika Alouette II kidhibiti cha injini kiliifanya kazi hiyo chenyewe, na rubani aliyekuwa akipambana na upepo pembeni ya mwamba akaondolewa mzigo mmoja kichwani.

Msimu wa baridi wa 1956 na 1957 ulionyesha kwa uchungu tofauti kati ya chombo kizito na chepesi. Helikopta kubwa aina ya Sikorsky S-58, iliyokuwa ikiwatafuta vijana wawili waliokwama kwenye Mont Blanc, ilianguka thelujini. Tarehe 3 Januari 1957 Alouette II ndiyo iliyowaokoa wafanyakazi wa Sikorsky hiyo. Vijana wale wawili hawakuokolewa, na siwezi kusimulia ushindi wa chombo hiki bila kuwataja.

Zaidi ya Alouette II 1,300 zilitengenezwa. Zilibeba wagonjwa, zilipeleka vifaa na watu mahali pasipo na barabara, zilitumika kufundishia marubani. Zilitumika pia vitani, hasa Algeria, nazo zilikuwa miongoni mwa helikopta za kwanza kubeba makombora yanayoongozwa kwa waya. Ndugu yake mkubwa, Alouette III, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1959, ilitua kwenye Mont Blanc mwaka 1960 ikiwa na watu saba ndani.

Kisha India, yenye mipaka iliyo juu ya Himalaya, iliomba chombo kinachoweza kufanya kazi juu zaidi. Wafaransa walichukua mwili mwepesi wa Alouette II, wakautia injini na mitambo ya mapangaboi ya Alouette III, na mwaka 1969 ikazaliwa Lama. Tarehe 21 Juni 1972 Boulet yuleyule aliipandisha hadi mita 12,442. Alipoanza kushuka injini ilizimika, na haikuwaka tena. Alishuka umbali wote huo mapangaboi yakizungushwa na hewa iliyopita katikati yake kutoka chini, akatua salama. Hakuna aliyekuwa amewahi kushuka hivyo kutoka juu kiasi kile.

Nchini India kampuni ya ndege ya HAL iliitengeneza Lama kwa jina la Cheetah, na ndiyo iliyobeba mzigo wa Siachen, mto wa barafu ulio juu mpakani mwa kaskazini, tangu jeshi lilipoingia huko mwaka 1984. Mrithi wake, helikopta nyepesi ya HAL yenyewe, iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 2016 ikiwa na injini ya turbini iliyo mpya na yenye nguvu zaidi. Lakini hesabu ni ileile. Katika vituo vilivyo juu ya mita 6,000, Cheetah hufika na makumi machache tu ya kilo. Rubani amepunguza mafuta hadi kiasi cha safari hiyo, hazimi injini, na askari hupakua dumu la mafuta ya taa huku mapangaboi yakizunguka juu ya vichwa vyao.