Suti ya Thomas Bernhard

REHEMA: Haya, tumerudi. Leo zamu ya Thomas Bernhard, yule mwandishi wa Austria mwenye mdomo. Ila Juma mwenzangu amekaa kama kameza mwiko. Ni ile suti bado?

JUMA: Cheka tu. Jumatano kazini wamenipa cheti cha mfanyakazi bora. Asubuhi nikakimbilia Kariakoo, nikabeba suti bila kuijaribu vizuri. Namnyooshea mkono mgeni rasmi, kwapa likalia krrr!

REHEMA: Na bahasha?

JUMA: Bahasha gani? Cheti. Kina fremu.

REHEMA: Basi Bernhard ni ndugu yako. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Grillparzer, tuzo ya fasihi, kule Vienna. Kasimulia mwenyewe kwenye Meine Preise, kitabu cha tuzo zake kilichotoka 2009, yeye keshakufa. Muda mfupi kabla ya hafla akaingia dukani, akanunua suti, akatoka nayo mwilini. Kufika, hakuna wa kumpokea. Akajikalia zake katikati ya ukumbi na yule bibi aliyekuwa akimwita shangazi. Waandaaji wanahangaika, mshindi yuko wapi?

JUMA: Na mshindi anawatazama!

REHEMA: Hafla ikaisha, akarudi dukani. Suti inabana, nibadilishieni. Wakambadilishia.

JUMA: Subiri. Imeshavaliwa, ina jasho la tuzo, wakaipokea?

REHEMA: Wakaipokea. Na mwenyewe anamuwaza huyo atakayekuja kuinunua bila kujua ilishakwenda kupokea tuzo.

JUMA: Yangu wameikataa. Eti kwapa.

REHEMA: Tuache suti. Mwaka 1968 alipewa tuzo ya taifa, akasimama akahutubia kwamba mbele ya kifo kila kitu ni kichekesho, halafu akaisema nchi vibaya. Waziri akatoka nje kwa hasira.

JUMA: Alivaa suti gani?

REHEMA: Juma!

JUMA: Nauliza kwa sababu pesa alichukua. Sasa unakulaje kwa mtu, kisha unamtukana mbele ya wageni wake?

REHEMA: Kwani ni mfuko wa waziri? Ni kodi ya wananchi. Ukipewa tuzo ndiyo umenunuliwa mdomo? Nchi ile ilipenda kujiita mhanga wa Hitler, wakati mwaka 1938, Hitler alipoitwaa, watu walijaa uwanja wa Heldenplatz kule Vienna kumshangilia. Yeye akaandika tamthilia akaipa jina la uwanja huo, ikachezwa 1988, watu wakamwaga samadi mbele ya ukumbi.

JUMA: Sijasema muongo. Nasema angekataa pesa, aseme yote hayo.

REHEMA: Mtu mwenye mapafu mabovu tangu ujana, ana madeni, akatae?

JUMA: Mbona pesa ya Tuzo ya Julius Campe ya 1964 alinunulia gari? Triumph Herald. Hiyo ni dawa ya mapafu?

REHEMA: Pesa ya Tuzo ya Bremen ilikwenda kwenye nyumba ya shamba kule Ohlsdorf, Austria, aandike. Wewe unataka mwandishi mwenye shukrani. Mimi namtaka mkweli.

JUMA: Nataka mwenye adabu.

REHEMA: Basi hatutafika. Na fundi mitambo ananionyesha saa. Wosia wake tulioahidi hatujaugusa, ule wa 1989 uliokataza vitabu vyake kuchapwa na tamthilia zake kuchezwa Austria, warithi wakaja kuulegeza.

JUMA: Wosia wa marehemu unalegezwaje? Nimeandika ukurasa mzima hapa!

REHEMA: Dakika hatuna.

JUMA: Basi nijibu la gari.

REHEMA: Sijibu. Kwaherini, wapenzi.

JUMA: Amekimbia hoja, mmesi—