Ukuta Uliojengwa Uweze Kuhama: Frank Furness wa Philadelphia

Asanteni. Mlionisikia siku za nyuma mtanivumilia, maana narudi kwenye ukuta uleule.

Ukuta wenyewe uko Philadelphia, Marekani, upande wa kusini wa maktaba ambayo msanifu majengo Frank Furness alikijengea Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ikafunguliwa mwaka 1891. Watu wakifika pale hutazama mnara, matofali mekundu na mapambo ya udongo wa kuchoma, kisha husema msanifu huyu alikuwa na wazimu. Wakosoaji wamelisema hilo miaka na miaka. Mimi nawaambia hawakuzunguka nyuma. Zungukeni nyuma, jamani!

Shida aliyopewa ilikuwa hii: vitabu haviachi kuongezeka. Zamani vilipangwa kuzunguka kuta za ukumbi wa kusomea, kwa hiyo kuta zikijaa, maktaba imekwisha. Furness, kwa ushauri wa wakutubi Justin Winsor na Melvil Dewey, akavitenganisha vitu. Msomaji akapata ukumbi wake, mpana, wenye mwanga wa kutoka juu. Ngazi zikapewa mnara wao, ili anayepanda asimsumbue anayesoma. Vitabu vikapata bawa lao: rafu za chuma, paa la kioo, na sakafu za kioo pia, mwanga wa jua ushuke ghorofa hadi ghorofa. Ukishusha kitabu rafuni, jua linakuangukia mkononi, na hukuhitaji taa. Na ule ukuta wa mwisho? Aliupanga uweze kusogezwa kwa jeki. Nafasi ikiisha, unausogeza, unaunga kipande kingine cha chuma na kioo, kazi inaendelea. Mtu mwenye wazimu hafikirii hivyo!

Alijifunzia wapi? Kwa wateja wake. Furness alizaliwa Philadelphia mwaka 1839, na majengo yake zaidi ya 600 mengi aliyajenga mjini humo na kando yake. Huo ulikuwa mji wa injini za treni, wa kiwanda cha Baldwin. Waliomwajiri walikuwa kampuni za reli, mabenki, wenye viwanda, watu waliozoea kuona karakana ikiongezwa urefu kila kazi inapozidi. Yeye akaipeleka akili hiyo maktaba, na bado akaacha nafasi ya urembo: kwenye vioo vya madirisha kuna maneno ya Shakespeare yaliyochaguliwa na kaka yake Horace, mtaalamu wa Shakespeare.

Kinachoniuma ni kwamba ukuta haukuhama hata mara moja. Mwaka 1915 bawa jingine likajengwa palepale mwishoni, njia ikazibwa.

Najua yupo anayejiuliza, msanifu wa mji mmoja ana uzito gani? Haya. Mwaka 1873 kijana Louis Sullivan, ambaye baadaye angekuwa msanifu maarufu wa maghorofa marefu, alikuwa akitembea Broad Street, akaona nyumba mpya iliyomvutia, akauliza ni kazi ya nani, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Furness kuomba kazi. Akapewa. Mwaka uleule uchumi ukaanguka, kazi ikaisha, kijana akaenda Chicago, na ya Chicago mnayajua nyote. Nimechoka kusikia historia ya maghorofa marefu ikianzia Chicago kama kwamba Sullivan alishuka kutoka mawinguni.

Muda unaniishia. Nilitaka kuwapitisha kwenye Chuo cha Sanaa cha Pennsylvania, kazi ya Furness ya mwaka 1876, dari ya buluu yenye nyota juu ya ngazi, na chuma kilichoachwa wazi kionekane kinabeba nini. Hicho mtakisoma wenyewe. Na vita vya Trevilian Station, Juni 1864, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Furness alipobeba sanduku la risasi uwanjani huku akipigwa risasi, kuwapelekea wenzake walioishiwa. Ndiye msanifu majengo pekee wa Marekani mwenye Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa jeshini mwao.

Ila hili siliruki. Stesheni ya Broad Street, aliyoipanua miaka ya 1890, ilibomolewa 1953. Benki ya Provident, kazi yake pia, uso wa mawe uliojaa nguvu pale Chestnut Street, ikabomolewa miaka michache baadaye. Waliobomoa waliona yamepitwa na wakati, na walikuwa watu wenye elimu. Maktaba ilipona, ikatengenezwa upya, na mwaka 1991 ilifikisha miaka mia wasomaji wakiwa ndani.

Naomba mzime taa. Picha ya kwanza ni Provident, kabla.